Nimeishika Taa ya Omena, Jamani!

Usiniulize kama nimelala. Sijalala! Viatu bado vimejaa mchanga wa Muhuru Bay, mikono inanuka omena wabichi, wale samaki wadogo wa fedha, kwenye kola ya shati kuna wadudu wa ziwani waliokataa kushuka garini, na mimi nimeketi hapa naandika mbio mbio kwa sababu nikikaa kimya dakika tano zaidi nitapasuka. Rafiki yangu, nimeiona taa. Nimeishika, nimeibeba, nimeiwasha kwa kidole changu mwenyewe, nimeishusha ziwani polepole kama mtu anayemlaza mtoto, na nikaiona ikielea. Ikielea! Taa nyeupe, tulivu, nzuri kupita kiasi, imekaa juu ya maji meusi ya Ziwa Victoria usiku wa manane kama vile imezaliwa humo humo. Na bado!

Ngoja nianze vizuri. Muhuru Bay iko kule mwisho kabisa wa kaunti ya Migori, upande wa Nyatike, mahali ambapo ukielekea kusini kidogo tu umeshaingia Tanzania. Mimi nilifuata machweo, maana ufuo ule unatazama magharibi na jua huzama majini zima zima, jekundu, zito, la kukutoa machozi. Machweo niliyaona, ni mazuri, sikatai. Lakini nimeyasahau! Nimeyasahau kwa sababu saa kumi jioni nilikuwa napita bichi, katikati ya nyavu na makasia na watoto wanaokimbizana, nikaona vitu vitano vimepangwa mchangani kwa mstari, nikasimama hapo hapo kama niliyepigiliwa misumari.

Ni nini hivi? Taa za kuvulia omena! Kila kimoja kilikuwa boya bapa la mbao nyepesi, ubavuni limefungwa majerikeni madogo ya njano yaliyozibwa vizuri. Katikati pamesimama mti mwembamba wa kufika kiunoni, na juu ya mti ule, imeinama kidogo kama mtu anayechungulia kisimani, balbu iliyovikwa bakuli la plastiki angavu. Chini kabisa, kwenye moyo wa boya, kisanduku cha betri kimebanwa kwa mikanda ya mpira wa tyubu, mweusi, umekatwa kwa unyoofu wa ajabu. Vitano, vinafanana lakini havilingani, kila kimoja na sura yake, kila kimoja na mkono wa aliyekiunda. Mtu angenambia ni sanamu zinazosubiri kupakiwa kwenda kwenye jumba la maonyesho Nairobi ningeamini, tena ningeuliza bei!

Nikainama nikagusa. Wee! Mbao imelainika, laini laini, imesuguliwa na maji na viganja vya usiku mwingi hata haina kibanzi hata kimoja. Mahali pa kushikia pamezungushiwa uzi wa nyavu kuukuu, wa kijani, umesokotwa ukabana, na vidole vinaingia kwenye yale mabonde ya uzi kama vimepimiwa. Mpira wa tyubu ulikuwa bado una joto la jua. Bakuli lina mikwaruzo myembamba inayopokea mwanga wa jioni na kumeta. Na swichi, ile swichi jamani, imefichwa ndani ya kipande cha mpira ili maji yasiingie, kwa hiyo hubonyezi chuma wala plastiki, unabonyeza kitu cha ulaini wa ndewe la sikio, halafu unasikia kwa mbali sana: tik. Nimeibonyeza mara nane. Fundi aliniacha tu.

Maana fundi alikuwa pale pale, ameketi juu ya ubavu wa boti iliyopinduliwa, anakaza waya. Nikamuuliza, sasa hii ikipigwa na wimbi? Akaichukua moja akaiweka kwenye maji ya ukingoni na kuisukuma kwa nguvu zake zote. Ikalala. Nikashika mdomo. Ikainuka! Ikayumba mara mbili tatu, ikatulia wima, kana kwamba haikuguswa. "Inainama kumsalimia wimbi, omera," akasema, akiniita ndugu kwa Kijaluo, "kisha inasimama." Siri ni ile betri nzito iliyo chini na mti mwepesi ulio juu, basi, hakuna kingine. Wati na ampea utamuuliza yeye ukifika, mimi sikuandika hata moja, nilikuwa naisukuma taa na kuitazama ikiinuka, naisukuma, inainuka.

Sasa, ili uelewe kwa nini moyo ulinienda mbio, lazima nikukumbushe karabai. Unaikumbuka? Nyanya yangu alikuwa nayo. Lile tumbo la shaba, pampu ya kusukuma kwa dole gumba, ule mfuko mweupe wa kitambaa unaoungua mara ya kwanza halafu unabaki kama jivu lenye umbo, na ule mlio, shhhhhh, usiku kucha. Jina lenyewe limetoka kwenye kabidi, ile iliyowasha taa za zamani zaidi, na likahamia kwenye taa ya mafuta ya presha, ile ambayo Max Graetz wa Berlin aliieneza dunia nzima mwanzoni mwa karne ya 20 kwa jina la Petromax. Miaka na miaka wavuvi wa omena wamekwenda ziwani na karabai. Na karabai ni nzuri, naipenda, ina mwanga wa dhahabu ambao hakuna balbu itakayoufikia. Lakini fikiria kuiweka juu ya boya, ziwani, kwenye upepo! Kioo kiko motomoto, tone moja la maji baridi likirukia, ta! kimepasuka. Mafuta yanamwagika ziwani. Moshi machoni. Na bei ya mafuta ya taa kila usiku, kila usiku, inayomeza pesa za samaki kabla samaki mwenyewe hajafika ufukweni. Mzee mmoja pale bichi alinionyesha kovu la karabai kwenye mkono wake wa kulia, refu, linang'aa. Kisha akaweka mkono huo huo juu ya balbu ya taa mpya iliyokuwa inawaka na akauacha hapo. Akauacha tu, ananitazama, anacheka! Na mimi nikaweka wangu. Baridi, rafiki yangu. Mwanga mkali namna ile, na mkono hauungui.

Saa kumi na mbili na nusu tukaondoka. Ndiyo, wavuvi walinichukua! Boti zao wanaziita sese, jina lililokuja na mitindo ya boti za visiwa vya Ssese kule Uganda, na hizo peke yake zinastahili makala nzima: ndefu, nyembamba, za mbao zilizopigiliwa kwenye mti mmoja wa chini, na mti huo unachomoza mbele kama mdomo wa ndege mwenye haraka. Zimepakwa rangi kama khanga za sikukuu. Buluu kando ya chungwa, kijani kando ya nyekundu, na majina na sala na vyeo vimeandikwa ubavuni kwa herufi zenye madaha. Niligusa rangi kwa kiganja, ni nene, imepakwa juu ya ya mwaka jana iliyopakwa juu ya ya mwaka juzi. Lakini twende kwenye taa, twende kwenye taa!

Tuliketi watu watano. Taa zimepangwa mbele, zimezimwa, majerikeni yao yanagongana kwa sauti ya ngoma ndogo. Jua likazama, anga likawa zambarau, likawa kijivu, likaisha. Usiku usio na mwezi, kwa sababu omena hutafutwa gizani. Mwezi ukiwa mpevu mwanga unatapakaa ziwa zima na samaki hawaoni sababu ya kukusanyika popote, kwa hiyo wavuvi hukaa nyumbani wakashona nyavu. Giza lile! Mimi ni mtu wa mjini, nilikuwa sijui giza. Huoni goti lako. Unasikia kasia linaingia majini, linatoka, linadondosha matone, na pumzi ya aliye nyuma yako. Halafu jaduong', mkubwa wetu ndani ya boti, akasema neno moja kwa Kijaluo, kasia likanyamaza, na mtu akanishika mkono gizani akauweka juu ya kitu laini.

Swichi.

Tik!

Lo! Lo, lo, lo! Sijui nikuelezeje. Mwanga haukuwaka tu, uliruka. Ghafla nina mikono, nina magoti, kuna nyuso nne zinanitazama zikitabasamu, na maji, maji ambayo yalikuwa wino mtupu, yakafunguka yakawa kijani, kijani cha embe bichi, kijani chenye kina, mwanga unashuka ndani yake kama nguzo. Na ukimya! Hapo ndipo niliposhangaa kuliko kote. Nilikuwa nasubiri ule mlio wa karabai, masikio yangu yalikuwa yameshajiandaa, na hakuna kitu. Kimya. Unasikia mawimbi yanalamba ubavu wa boya. Unasikia mdudu akigonga bakuli. Hakuna harufu ya mafuta, unanusa ziwa lenyewe, tope tamu na majani na samaki. Na bado! Tukaishusha majini, kamba ndefu nyuma yake, tukapiga kasia, tukashusha ya pili, ya tatu, mpaka zikawa tano zimejipanga gizani, zinayumba kila moja kwa mdundo wake, na chini ya kila moja kuna taa nyingine imegeuzwa, inayotetemeka, ndefu, inayofika kwako kama zulia.

Ujue mwanga huo mweupe wa balbu ya LED ulisubiriwa sana. Balbu za LED nyekundu na za kijani zilikuwepo zamani, lakini bila ya buluu hakuna nyeupe, na buluu ilisumbua vichwa vya wanasayansi miaka mingi mno. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura waliipata, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa ajili yake. Nilikuwa nimekaa ndani ya sese, nimejifunika shuka la mtu, nawafikiria hawa watatu, natamani wangekuwa pale waione buluu yao ikiita omena!

Kwa sababu inaita. Kwanza wanakuja wadudu, wengi, wengi, wingu zima linazunguka bakuli, wanagusa maji, wanaandika duara duara. Chini ya maji viumbe vidogo visivyoonekana navyo vinaufuata mwanga. Na nyuma ya chakula anakuja mlaji. Mara ya kwanza niliona mstari mmoja wa fedha, nikadhani nimeota. Halafu mitatu. Halafu, jamani, maji yote chini ya taa yakaanza kuzunguka, maelfu ya vipande vya fedha vinapinduka kwa pamoja, vinawaka, vinazimika, vinawaka, kama mtu amemwaga sarafu ndogo ndani ya kisima na zimekataa kuzama. Nilipiga ukelele. Nilinyamazishwa mara moja, kwa upole lakini mara moja! Ikabidi nishike mdomo kwa mikono miwili huku nikitetemeka kwa furaha.

Wakaivuta taa polepole, polepole mno, kamba inaingia botini kidole kwa kidole, na omena wanaifuata, hawataki kuiacha, hawajui kuna wavu unapita chini yao. Kisha wote wakavuta kwa nguvu. Wavu wa omena una matundu madogo sana, ukiwa mkavu ni kama shela la bibi harusi, na ukipanda umejaa ni mzito, unachuruzika, unaimba. Unaimba kweli! Samaki wale wakiruka pamoja hutoa sauti ya mvua inayoanza kwenye mabati. Nilitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Baridi, utelezi, wanatekenya, uhai mtupu unakupita kati ya vidole, na mkono ukiutoa una magamba madogo yanayong'aa kama umepakwa vipodozi.

Na bado! Kwa sababu katikati ya hayo yote niliinua kichwa. Sikuwa nimetazama mbali tangu tuwashe. Rafiki yangu, ziwa lilikuwa mji. Kila upande, kulia, kushoto, mbele hadi mwisho wa macho, taa, taa, taa, za boti nyingine, zinapanda na kushuka taratibu pamoja na maji, mitaa na barabara na viwanja vya mwanga mahali ambapo mchana hakuna kitu chochote. Ziwa hili lina kilomita za mraba elfu 68 na zaidi, na sehemu ya Kenya ni asilimia 6 tu, kipande cha kona. Ndani ya kipande hicho kumejaa mji mzima usiokuwepo kwenye ramani, unaojengwa jioni na kubomolewa alfajiri. Wakanionyesha upande ilipo Migingo, kile kisiwa cha mwamba kilichofunikwa mabati ukingo hadi ukingo. Wakanionyesha upande wa Tanzania, ambako samaki huyu huyu anaitwa dagaa, na upande wa Uganda, ambako anaitwa mukene. Majina matatu, samaki mmoja, taa zile zile.

Asubuhi naikimbia kidogo kwa sababu ingenichukua siku nyingine. Kina mama walikuwa wanatusubiri na mabeseni, wakapima, wakabishana, wakacheka, wakamwaga omena juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, na jua lilipotoka ufuo wote ukawa fedha. Mama mmoja akanikaangia kiganja kizima hapo hapo, nyanya, kitunguu, chumvi, na ugali wa mtama uliokolea rangi. Wale wabichi hawana ule uchungu wa waliokaa sokoni. Watamu! Wana utamu wa karanga, na wanavunjika mdomoni kwa sauti.

Taa nazo zilikuwa zimerudishwa nyumbani. Betri zimetolewa, zimepelekwa kwenye paneli za sola, na jua lile lile lililozama jana likiwa jekundu sasa linarudishwa ndani ya visanduku, ili usiku lishushwe ziwani. Wazo hili halikuanza jana. Kule Mbita, kaunti jirani ya Homa Bay, kampuni ya OSRAM ya Ujerumani na wenzake walifungua mwaka 2008 kituo ambapo mvuvi alikodi taa iliyokwisha kuchajiwa kwa jua na kuirudisha baadaye. Tangu hapo zimekuja za kila aina. Ziko za kiwandani, safi, nyororo, hazipitishi tone, nilizishika pia, nazo ni nzuri sana, sina neno. Lakini nikiambiwa nichague moja niondoke nayo, sifikirii hata sekunde: nipe ile ya fundi wa bichi, ya majerikeni ya njano, mikanda ya tyubu na uzi wa kijani. Ile ya kiwandani imejua maji kwenye maabara. Hii imetengenezwa na mtu anayeliona ziwa hili kila akifungua mlango, na kila fundo limewekwa mahali hapo kwa sababu usiku fulani lilikosekana. Unaishika na mkono unaelewa kabla kichwa hakijaelewa. Ni chombo kizuri kuliko vyote nilivyoshika mwaka huu, na nimeshika vingi, vya bei kubwa, vya maboksi meupe yanayofunguka kwa sauti ya hewa.

Nenda! Nakuomba, usiseme mwakani. Tazama kalenda, chagua siku zenye giza, usiende mwezi ukiwa mpevu hutakuta mtu. Na usiende kuanzia Aprili, maana uvuvi wa omena hufungwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazaane, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Beba sweta zito, upepo wa saa nane usiku una meno. Omba koti la kuokolea na ulivae, hata kama unajua kuogelea. Ukifika bichi tafuta kwanza viongozi wa kamati ya pale, jieleze, salimia wazee, sema misawa hata kama hujui neno jingine la Kijaluo, na usipande botini mpaka ualikwe. Ukishaalikwa, keti mbele, karibu na taa. Wakikushika mkono gizani wakauweka juu ya kitu laini, usiulize ni nini. Bonyeza.